Leva ya Vidole Vifupi

Siku tuliyomzika Muthoni sikuweza kukaa. Kiti nilipewa, cha plastiki, mstari wa mbele kabisa chini ya hema pale kwake juu ya mji wa Mweiga, kwa sababu kwenye ratiba nilikuwa nimeandikwa "rafiki wa ujana". Nilikikalia mpaka msemaji wa pili alipoanza kutaja vikundi vyote vya kanisa ambavyo marehemu aliwahi kuingia, kisha miguu ikaanza kuniwasha, ndiyo kawaida yake, nikainuka nikajifanya naenda msalani. Nilikwenda kwenye ua wa michongoma, mahali waendesha bodaboda walikuwa wameegesha pikipiki zao, nikaanza kukagua breki za mbele. Unaiinua pikipiki kwenye stendi, unaisukuma hatua moja, unabana. Ikisimama, unairudisha na kwenda kwa jirani yake. Ni ugonjwa wangu wa miaka mingi, na wanangu walishachoka kuona haya. Jamaa mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo ya geti akaniuliza kwa adabu, "Mathe, umepoteza yako?" Nikamwambia hapana, natafuta mbovu. Akacheka na wenzake. Nilipofika kwa ile nyekundu nikabana, na gurudumu likaendelea kutembea kana kwamba sijaliambia kitu. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza, maana ilikuwa yake.

Ugonjwa huo nilipewa na Muthoni, mwaka ule tulioishi chumba kimoja na pikipiki moja katikati yetu. Tulikuwa wasichana waliotoka chuoni juzi, tumesomea kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kugandishwa, na chama cha maziwa cha upande ule kikatuchukua wote wawili kwa sababu mwanamume aliyekuwepo kabla yetu alikuwa ameingiza pikipiki mtaroni akiwa amelewa, akavunja pikipiki na mguu. Kikanunua nyingine, ndogo, ya kupita matopeni, ile ya miguu mirefu na matairi ya meno. Kazi ilikuwa kuzunguka mashamba na mtungi wa baridi kali umefungwa nyuma kwa mipira, ndani yake mbegu za madume ambayo hatukuwahi kuyaona. Ng'ombe akiingia joto hana subira. Ukifika umechelewa, mwenyewe anangoja wiki tatu nyingine akilisha tumbo tupu, na jina lako analitangaza kanisani Jumapili.

Siku ya kwanza mwenyekiti wa chama, mzee mwenye shamba la viazi na uso wa mtu anayeamka mapema kuliko anavyopenda, alituambia masharti akiwa amesimama. Tutaendesha kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Mwisho wa mwaka atabaki mmoja kwenye pikipiki, na mwingine ataingia kibanda cha kupimia maziwa. Na atakayeanguka kabla ya hapo kwa uzembe wake, basi atakuwa amejichagulia kibanda mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Pikipiki ile ilinunuliwa kwa maziwa ya watu, na nusu yao walikuwa wakiuliza kwa sauti kwa nini imepewa wasichana. Lakini mimi nilikiangalia kile kibanda, dirisha moja, mizani moja, kigoda kimoja, mtu amekaa hapo tangu alfajiri akichovya kijiti kwenye mikebe ya watu, nikaona kaburi. Kukaa sijui. Hata shuleni walimu waliniweka karibu na mlango ili nikitoka nisisumbue wengine. Nilimwangalia Muthoni pembeni yangu, mrefu, mpole, ametulia na mikono yake mirefu mapajani, nikajiambia: huyu kibanda kitamfaa. Nasema hivyo bila aibu. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa nimeanza kumpenda bado.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya hoteli ya Mweiga, kuta za mabanzi zilizobandikwa magazeti ya zamani, kitanda kimoja, meza moja, na nafasi iliyobaki ni ya pikipiki. Ililala ndani kwa ajili ya wezi. Muthoni ndiye aliyeweka sheria: pikipiki ikiingia, jiko linatoka. Alifunga koki ya petroli, akanusa kila kiungo cha bomba lake, akaacha mlango wazi mpaka harufu iishe, na ndipo tulipoweza kuketi. Kwa hiyo chakula tulikipika na kukila nje, kwenye baraza ya nyuma, na baridi ya milima ya Nyandarua inateremka juu yetu, huku pikipiki imejikunyata ndani penye joto. Nililalamika kila siku. Githeri, mahindi yetu na maharagwe, ilikuwa inapoa kabla ya kufika mdomoni. Yeye alijifunga shuka mabegani akala taratibu, akaniambia kama nataka kula ndani niende kula hotelini na wale wanaume. Sikuenda. Kula nao hakukuwa na haja, maana mazungumzo yao yote yalitufikia bure kupitia mabanzi.

Usiku mmoja walikuwa wanatuongelea sisi. Mmoja, mwenye lori la viazi, alikuwa anasema ati yule mfupi ndiye ataanguka kwanza, haraka yake ni ya mtu anayekimbizwa. Mwingine akasema hapana, ni yule mrefu, ataanguka kwa woga, kwa sababu pikipiki inataka mtu anayeiamuru. Wakabishana huku wakitafuna mutura, utumbo uliojazwa nyama, na mwenye hoteli, mama mnene asiyependa kelele, akawaambia wale wamalize waende, hao wasichana wanalala hapo nyuma na wana masikio.  Kisha yule wa lori akasema, kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza, "Mfupi. Kabla mahindi yakauke." Muthoni aliniangalia gizani kitandani na kuanza kucheka bila sauti, kitanda kikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilijua yule mtu hajakosea sana.

Aliyetufundisha kuendesha alikuwa polisi mstaafu aliyeishi Kiganjo, mtu wa magharibi ya nchi ambaye chama kilimtumia kama mshauri wa mambo ya pikipiki. Tulimwita Afande na yeye alituita askari. Uwanjani kwake tulijifunza kusimama juu ya vikanyagio kwenye matuta, kuiachia pikipiki ipite chini yetu bila kupigana nayo, kuangalia pale tunapotaka kwenda wala si pale tunapoogopa. Tulijifunza kupunguza upepo kwenye matairi kwa ajili ya matope na kuurudisha ukifika lami. Na kabla ya kila safari tuliikagua kutoka mbele kwenda nyuma: tairi, breki, taa, mafuta, mnyororo. Mnyororo Afande aliupima mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu ukiulegeza vizuri pikipiki ikiwa tupu, ukishaweka mtungi na mtu unakazika mpaka unakatika. Mimi nilishika yote upesi, nikasahau nusu yake upesi vilevile. Muthoni alishika polepole na hakusahau kitu. Hata akiacha pikipiki dakika mbili tu kwenye geti la mtu, akirudi alifanya yaleyale: alisukuma hatua moja, akabana breki, kisha ndipo akapanda. Wenye mashamba walimcheka. Alikuwa anawaambia, "Hii kitu haijui mimi ni nani." Akawaacha wacheke.

Kulikuwa na jambo moja ambalo tuligombania kila jioni. Vidole vyangu ni vifupi, hata glavu za watoto zinanitosha. Vya Muthoni vilikuwa virefu. Kwenye leva ya breki kulikuwa na skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na mshikio au mbali nao. Ikiwa mbali mimi siifikii bila kuachilia mshikio. Ikiwa karibu, vidole vyake vinakunjana na kubanwa. Basi kila jioni aliyeshuka alitakiwa kuiweka sawa kwa atakayepanda kesho. Mimi nilisahau siku nyingi, nikamwachia yangu, akaenda na vidole vilivyobanwa na kurudi bila neno. Yeye hakusahau hata mara moja. Asubuhi ya zamu yangu niliikuta leva imesogezwa, mnyororo umefutwa, kichujio cha hewa kimekung'utwa vumbi. Nilikuwa naipanda na kuondoka kabla chai haijashuka tumboni, na ile hamu ya kuondoka, jamani, sijapata kuisikia tena kwa kitu chochote. Mji unaisha, lami inaisha, mlima Kirinyaga unajitokeza upande mmoja kama umeamshwa ghafla, na mimi siko mahali popote, niko njiani. Miezi ile ya zamu ndiyo pekee ambayo miguu yangu haikuniwasha.

Kwa miezi ya kwanza watu walituita kwa kusitasita. Wa kwanza kutuita bila kusitasita alikuwa Cucu Njoki, bibi aliyeishi peke yake kwenye mteremko mkali upande wa msitu, na ng'ombe mmoja mweusi na mweupe ambaye alimpenda kuliko baadhi ya watoto wake, alisema hivyo mwenyewe. Yule mwanamume wa kabla yetu alikuwa amemjia mara kadhaa na ng'ombe hakushika mimba. Muthoni alimpandisha mara moja, akashika. Cucu akapita njia nzima akiwaambia watu ati wasichana wana mikono myembamba na akili nyingi, na baada ya hapo mageti yakaanza kufunguka. Bila yeye tungekaa chumbani tunasoma magazeti ya ukutani. Kila tulipopita kwake, iwe kuna kazi au hakuna, tulisimama, na hakuna aliyetoka kwake bila kunywa uji.

Siku niliyoanguka ilikuwa ya ukungu wa Julai, ule unaolowesha bila kunyesha. Nilikuwa nimetoka kumwangalia ng'ombe wa Cucu, na kulikuwa na ng'ombe mwingine amengoja tangu asubuhi ng'ambo ya mto. Nilikunywa uji wima, mlangoni, nikiangalia njia. Cucu alikuwa akiingia na kutoka, akifuta hiki, akisogeza kile, mara nikamsikia nje akiongea na pikipiki kama anavyoongea na ng'ombe. Nilimrudishia kikombe, nikamshukuru, nikapanda, nikaondoka. Mteremko unaanzia pale getini kwake. Katikati yake kuna kona, na kwenye kona nilibana breki ya mbele kama nilivyoibana mara nyingi, leva ikawa ngumu vizuri chini ya vidole, na pikipiki haikujali. Nikabana kwa nguvu zote. Ikaendelea. Nikakanyaga breki ya nyuma, gurudumu likajifunga, matope yakalichukua upande, na mimi nikaona nipia ya watu, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, inanijia usoni. Kofia ngumu na buti vilifanya kazi yake. Kiwiko ndicho kilichofika chini kwanza. Nilipoinuka jambo la kwanza kuangalia lilikuwa mtungi. Umelala lakini haukufunguka. La pili lilikuwa kanyagio, limepinda. La tatu, kule juu kwenye njia, lilikuwa lori la viazi limesimama, na mwenyewe ametoa kichwa dirishani. Nikajua mpaka jioni Mweiga nzima itakuwa na habari.

Cucu aliniteremkia na fimbo yake, akanirudisha nyumbani kwake kwa kunisukuma mgongoni kama anavyorudisha ndama. Jikoni kwake kulikuwa na moto wa kuni, moshi, viazi vinachemka, na ukuta mweusi unaong'aa. Akanikalisha, akanivua koti, akakiangalia kiwiko. Kisha akachukua mkebe kwenye rafu, ule wa mafuta ya kukamulia, mafuta mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, akachota kwa vidole viwili na kunipaka jeraha lote. Aliniambia kwa Kikuyu, huku akipaka, nisiwe na wasiwasi, dawa ile haishindwi na ngozi wala chuma. Nikamuuliza chuma gani. Akasema kile kisahani cha kung'aa kwenye gurudumu la mbele. Alikiona kina mikwaruzo mizunguko mizunguko, kimekauka, kimeliwa na kutu kidogo pembeni, akakihurumia. "Kimekauka hivyo na kinafanya kazi siku nzima," akasema. "Nimekipaka vizuri, pande zote mbili."

Kisahani hicho ni diski ya breki. Pedi hukibana ili gurudumu lisimame, na kinatakiwa kiwe kikavu kuliko kitu chochote kwenye pikipiki. Nilimwangalia yule mama, amepiga magoti mbele yangu, macho yamejaa machozi ya moshi na ya huruma, vidole vyake vinang'aa mafuta. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kucheka. Nikamwambia asante, Cucu. Nikala viazi vyake vyote.

Muthoni alijua kabla sijamweleza. Aliinama kwenye gurudumu, akanusa, akasema kwa mshangao, "Nyawira, hii si ni mafuta ya kukamua?" Nikamsimulia. Alikaa chini sakafuni na kucheka mpaka akashika ubavu, kisha akaona uso wangu akanyamaza. Mwenyekiti alikuwa ameshatuma neno: kesho tufike wote wawili ofisini kwa chama, na pikipiki. Muthoni akaosha diski kwa maji ya moto na sabuni, akaifuta kwa petroli nje uwanjani, akazitoa pedi na kuzikwaruza kwa msasa, lakini mafuta yalishaingia, zikabaki na harufu ya zizi. Alisema zitupwe, zinunuliwe mpya. Mimi nilikuwa nazunguka hoteli. Nikifika mlangoni namwambia nitasema ukweli, ni Cucu. Nikizunguka tena nasema siwezi. Njia nzima ingemcheka yule mama mpaka siku ya kuzikwa. Asingetuita tena kwa aibu, na wale waliotuita kwa sababu yake wangefuata.

Tulikula nje kama kawaida, na hakuna aliyekuwa na njaa. Ndipo Muthoni aliposema, akiangalia sahani yake, "Unaweza kusema ni mimi. Jana ni mimi nilifunga hiyo skrubu ya breki." Nikamwambia aache ujinga. Akasema si ujinga, mimi kibanda kitaniua na yeye hakitamuua, yeye anaweza kukaa. Alisema hivyo kwa upole kabisa, na hapo nikajua kwamba alikuwa ameniona tangu siku ile ya kwanza nilipomwangalia pembeni, na alielewa nilichokuwa nafikiri, na alikuwa ameisogeza leva kila jioni hata hivyo. Sikulala vizuri. Niliitaka ile pikipiki kuliko nilivyowahi kutaka mtu.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja chenye meza na mikebe mitupu pembeni. Mwenyekiti alikaa, Afande alisimama kando ya pikipiki mlangoni. Alikuwa ameshaikagua. Alijua pedi zimekwaruzwa usiku uliopita, na alijua kwamba mtu hakwaruzi pedi bila sababu. Mwenyekiti aliniuliza nini kilitokea, nikasema breki ya mbele haikushika. Akauliza kwa nini. Nikaiangalia mikebe. Muthoni alikuwa pembeni yangu na nilimsikia anavuta pumzi ya kusema, nikamkanyaga mguu. Afande akaingilia kati. Aliongea bila ukali, na nadhani alikuwa ananifungulia mlango.

"Askari, sikiliza vizuri. Kama mwenzako alifunga vibaya, sema tu. Hiyo si kuanguka kwako. Utabaki na pikipiki. Sasa niambie, ni nani aligusa hiyo breki mwisho?"

 Nje mtu alikuwa anamwaga maziwa kwenye mkebe, nikausikiliza ule mlio unavyobadilika mkebe ukijaa. Nilimfikiria Cucu na vidole vyake viwili. Nilimfikiria Muthoni akisukuma hatua moja na kubana, kila geti, watu wakimcheka. Nikasema, "Ni mimi. Mwenye kupanda ndiye wa mwisho. Nilitoka bila kujaribu."

Afande akamwambia mwenyekiti, kwa Kiingereza, kwamba hilo ni jibu la mwendeshaji. Halikunisaidia kitu. Sheria ilikuwa sheria, mwenye lori alikuwa ameshaona, na wenye maziwa walikuwa wanangoja kuona kama mwenyekiti ana meno. Muthoni akapewa pikipiki. Mimi nikapewa mizani. Tulipotoka alitaka kunishika mkono nikauvuta, kwa sababu ningelia, na sikutaka yule wa lori anione.

Sitaki kudanganya kuhusu kibanda. Kilikuwa kibaya kama nilivyokidhania. Alfajiri, baridi, mikebe, mistari ya watu wanaobishana nawe kuhusu maji waliyoyatia wenyewe. Nilijaribu kusimama siku nzima, kigoda nikakipiga teke mpaka kikavunjika mguu, wakaniletea kingine. Nilisikia pikipiki inapoondoka na nilisikia inaporudi, na kwa mlio peke yake nilijua Muthoni yuko kwenye gia gani na kama mnyororo unataka mafuta. Jioni alinisimulia njia: daraja la miti lililobebwa na maji, ndama wa Cucu aliyezaliwa na alama nyeupe usoni, na jinsi alivyomwambia Cucu taratibu, bila kumwambia jingine, kwamba chuma kile kina mzio wa mafuta. Ati kinawashwa. Cucu alielewa hilo. Tangu siku ile alikuwa anamfukuza kila mtu karibu na gurudumu la mbele, hata kuku.

Halafu Jumapili ya kwanza, baada ya kanisa, nilikuta pikipiki imetolewa nje ya chumba, imeegeshwa ikiangalia njia. Muthoni alikuwa amekaa barazani na sufuria ya viazi, anamenya. Hakuinua uso. Alisema leo hakuna ng'ombe, na pikipiki ikilala sana inaharibika, inataka kunyooshwa kidogo. Afande aliruhusu, akasema. Nikaishika. Leva ilikuwa karibu. Nikanyoosha vidole vyangu vifupi na vikafika bila kutafuta. Nikasukuma hatua moja, nikabana, ikashika, nikapanda, nikaenda mpaka karibu na Kiganjo na kurudi, na nilipofika sufuria ilikuwa mezani imefunikwa. Jioni ile nilimuona akiirudisha skrubu mahali pake. Alifanya hivyo Jumapili zote za mwaka ule. Jumamosi jioni anaisogeza, Jumapili jioni anairudisha, na hatukuliongelea.

Mwaka ulipoisha niliondoka. Nilipata kazi Nanyuki, halafu Sagana, halafu mahali pengi, na siwezi kusema kwamba nimewahi kufika. Muthoni alibaki. Alizunguka na pikipiki ile mpaka nywele zikabadilika rangi, mpaka akapandisha ng'ombe wajukuu wa ng'ombe, na chama kilipoiacha akaichukua iwe yake. Tulipigiana simu kwenye sikukuu. Mwaka huu mapema aliniambia kifua kinamsumbua, nikamwambia nakuja, nikachelewa. Hivyo tu. Kwa mtu mwenye haraka kama mimi.

Nilikuwa bado kwenye ule ua wa michongoma, namwonyesha mwenye pikipiki nyekundu jinsi pedi zake zilivyoisha, aliponijia Wairimu, binti wa marehemu, na kitambaa cheusi kichwani. Nilidhani amekuja kuniita nirudi kwenye kiti. Nikaanza kujitetea. Akasema, akiniita shangazi kwa Kikuyu, "Hapana, tata. Mami alisema hautakaa. Alisema nikikuona umeinuka nikupatie hii." Akanipa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu.

Pikipiki ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya gunia, imeegeshwa ikiangalia njia. Tangi limekwaruzika, kiti kimeshonwa mara nyingi, lakini mnyororo ulikuwa mweusi wa mafuta mapya na diski ilikuwa kavu, inang'aa. Wairimu akasema mama yake hakuwa amepanda tangu kifua kianze, lakini wiki ile ya mwisho alitaka abebwe mpaka hapo nyuma, akaomba bisibisi, na hakutaka mtu amsaidie. Hawakujua alikuwa anafanya nini. Alihangaika na leva kwa muda mrefu kuliko walivyopenda.

Nikaweka mkono kwenye mshikio na kunyoosha vidole. Vilifika. Kule hemani walikuwa wameanza wimbo, na nililia mbele ya yule mtoto bila kujificha, kwa sauti, jinsi nilivyopaswa kulia siku ile nje ya ofisi ya chama. Kisha nikajifuta kwa kitambaa, nikaisukuma pikipiki hatua moja, nikabana. Ikashika.